Baridi ya Jangwani na Jalidi ya Majani Chai

Mwaka huu mhariri aliniomba niandike somo fupi ambalo mtu wa Kidato cha Kwanza ataweza kulifuata, na wa Kidato cha Nne asilione kuwa la watoto. Nimechagua hali ya hewa. Najua wengine watasema, "Ah, hiyo ni Jiografia, mpelekee mwalimu wa Jiografia." La hasha! Kiswahili ni lugha ya kusomea kila kitu, na maneno ya pepo na majira yamejaa ndani yake tangu zamani za mabaharia wa pwani.

Swali langu ni hili: je, jangwani kuna baridi? Na kama iko, inatoka wapi, na jua lote lile?

Siulizi kwa kupenda maneno tu. Hapa Siongiroi siku hizi ni nadra kupata boma ambalo halina mtu, au jirani yake hana mtu, aliyekwenda kutafuta kazi Saudia, Katari, Omani au Dubai. Mama yangu mdogo yuko Riyadh, mji mkuu wa Saudia. Alipoondoka mwezi wa Septemba aliwagawia binamu zangu sweta zake zote, kwa maana kila mtu alimwambia ati huko ni moto mwaka mzima. Januari akapiga simu usiku, sauti imekauka. Mama akamwuliza kama anaumwa.

"Si ugonjwa, dada," akajibu. "Ni baridi. Naamka saa kumi kufagia ua, vidole havishiki ufagio."

"Baridi gani na wewe uko jangwani?"

Wiki hiyo hiyo nyanya yangu, ambaye sisi Wakipsigis tunamwita kogo, alituma habari kutoka upande wa Konoin kwamba majani chai yake ya bondeni yameungua kwa jalidi. Pesa za majani hayo ndizo hunilipia karo ya muhula wa kwanza. Nyumbani watu walizichukua kama habari mbili mbalimbali, moja ya Uarabuni na nyingine ya shambani. Nilipokwenda kusoma vitabu nikaona kumbe ni habari moja. Sasa nifuate polepole.

KWANZA: KWA NINI HUKO KUNA MAJIRA YA BARIDI

Siongiroi iko karibu digrii 1 tu kusini mwa Ikweta. Riyadh iko karibu digrii 25 kaskazini. Dunia yetu huzunguka jua ikiwa imeinama kwa digrii 23 na nusu, na kwa sababu ya kuinama huko, mwezi wa Desemba jua la adhuhuri huwa juu ya Tropiki ya Kaprikoni, upande wa kusini.

Siku hizo mtu aliyesimama Siongiroi saa sita mchana bado huliona jua likiwa juu sana. Lakini mtu wa Riyadh huliona limeinama upande wa kusini, halifiki hata nusu ya safari kutoka upeo wa macho hadi utosini. Miale yake inakuja kwa mshazari. Chukua tochi uimulike ukutani wima, kisha uiinamishe: mwanga ni ule ule, lakini umetandazwa mahali pakubwa zaidi, kwa hiyo kila sehemu inapata kidogo. Tena mchana wa Riyadh mwezi wa Desemba ni mfupi, kama masaa kumi na nusu, ilhali sisi mchana wetu ni masaa kumi na mawili mwaka mzima. Jua hafifu, siku fupi, usiku mrefu. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

PILI: KWA NINI JANGWA NI JANGWA

Hewa ya Ikweta hupata joto jingi, ikawa nyepesi, ikapanda juu. Inapopanda hupoa, na mvuke uliomo hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo sababu misitu mikubwa ya Kongo iko pale ilipo. Hewa hiyo ikishamwaga maji yake husafiri huko juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka karibu na digrii 30 kila upande. Inaposhuka hugandamizwa, ikapata joto na kuwa kavu zaidi. Hewa inayoshuka haiwezi kutengeneza mawingu. Basi chini yake utakuta Sahara, majangwa ya Uarabuni na, upande wa kusini, Kalahari.

Kwa hiyo ukitaka kuelezea jangwa, usianze na mchanga. Anza na anga. Jangwa ni mahali ambapo hewa haina maji.

TATU: NYUMBA ISIYO NA PAA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Mchana ardhi hupokea joto la jua. Usiku ardhi hulitoa joto hilo kurudi juu. Kama kuna mawingu, au kama hewa ina mvuke mwingi, sehemu kubwa ya joto hilo hushikwa na kurudishwa chini, mithili ya blanketi. Kama anga ni tupu na hewa ni kavu, joto linakwenda zake. Hakuna wa kulizuia.

Jangwa ni kama nyumba isiyo na paa. Mchana jua linaingia lote, usiku joto linatoka lote. Mchanga mkavu nao hauhifadhi joto kwa kina. Huchemka juu juu na kupoa upesi. Hapo ongeza jua hafifu la Desemba na usiku mrefu, utaelewa kwa nini vidole vya mama yangu mdogo vilikataa ufagio.

Tazama miji mitatu hii kwa mwezi wa Januari. Ni wastani wa takriban tu, kwa digrii za Selsiasi:

Riyadh (mita 600 hivi juu ya bahari): mchana 20, usiku 9. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100.
Maskati (ufuoni mwa bahari, Omani): mchana 25, usiku 17 au 18. Mvua ya mwaka ni kama milimita 100.
Kericho (zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari): mchana 25, usiku 10. Mvua ya mwaka ni kama milimita 2,000.

Mambo mawili hapo yanafaa kuangaliwa. La kwanza, Riyadh na Maskati ziko karibu sawa kwa umbali kutoka Ikweta, na zote ni za jangwa, lakini usiku wa Maskati ni wa joto zaidi. Sababu ni bahari. Maji hupoa polepole na huijaza hewa mvuke, kwa hiyo Maskati ina blanketi jepesi ambalo Riyadh haina. Omani hiyo hiyo, ukipanda Jebel Shams wenye urefu wa karibu mita 3,000, majira ya baridi utakuta usiku wa chini ya sufuri. Na kule Tabuk, kaskazini-magharibi mwa Saudia, theluji huanguka milimani mara kwa mara. Theluji Uarabuni! Mtu akikuambia usimwite mwongo.

La pili, usiku wa Kericho wakati wa Januari unafanana na ule wa Riyadh. Sisi tulio karibu na Ikweta, watu wa mvua na matope, tunalala kwenye baridi sawa na ya jangwani. Mbona?

NNE: NDUGU YAKE HUKU KWETU

Sehemu ya jibu ni urefu wa nchi. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa digrii 6 na nusu hivi. Lakini urefu peke yake hauelezi jalidi, kwa maana urefu wa Konoin haubadiliki, na jalidi hailetwi na kila mwezi. Mwezi wa Julai huwa na ubaridi na mawingu, hata masweta hayakauki kwenye kamba, na bado majani chai hayaungui. Huungua Januari na Februari, miezi ambayo mchana wake una jua kali. Ajabu, sivyo?

Si ajabu tena kama umeelewa habari ya paa. Januari anga letu linakuwa kama la jangwani: hakuna mawingu, hewa ni kavu, nyota zimejaa. Joto la mchana linakwenda zake usiku kucha. Jani la chai, ambalo ni jembamba na limeelekea juu, hupoa hata kuliko hewa inayolizunguka. Kipimajoto kilichotundikwa juu kidogo kinaweza kuonyesha digrii 2 au 3, huku jani lenyewe limefika sufuri na maji yake yameganda. Asubuhi jua likipiga, jani linakuwa la kahawia kama lililobabuliwa na moto. Ndiyo maana wakulima husema limeungua, na hawakukosea lugha.

Kogo hana kipimajoto, lakini ananiambia hivi: "Nyota zikiwa nyingi mno na upepo umetulia, usitarajie kuchuma." Maneno yake ni sayansi kamili. Upepo ukivuma huchanganya hewa ya juu yenye joto na ile ya chini iliyopoa. Upepo ukitulia, hewa baridi ambayo ni nzito huteremka mteremko kama maji, ikatuama bondeni. Ndiyo sababu majani yake ya bondeni yaliungua na ya kilimani yakapona, ingawa ni shamba moja la mtu mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2012 jalidi ilichoma majani chai ya sehemu nyingi za Kericho, Bomet na Nandi. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wa kubebwa, lakini kogo huutaja mwaka huo kama watu wanavyoutaja mwaka wa njaa. Kichaka kilichoungua hakifi, lakini huchukua majuma mengi kabla hakijachipuka vizuri. Majuma hayo yote hakuna kupeleka kilo kwenye kituo cha kununulia, na bila kilo hakuna pesa za mwezi. Darasani kwetu, mwalimu akisoma majina ya wenye salio la karo mwezi wa Machi, mimi hujua ni nani mashamba yao yako bondeni.

Kama huniamini habari ya anga tupu, jaribu mwenyewe. Usiku wa Januari weka sahani moja ya bati uwanjani palipo wazi, na nyingine chini ya mti wenye majani mengi. Asubuhi ya wazi itakuwa imelowa umande tele, na ya chini ya mti itakuwa kavu au karibu kavu. Hewa ni ile ile, usiku ni ule ule. Tofauti ni kwamba moja ilikuwa na paa.

Watu wa kale wa Uajemi walilijua jambo hili na wakalifanyia kazi. Katika nchi yao kavu, usiku wa majira ya baridi walijaza maji kwenye vidimbwi vya kina kifupi, kando ya kuta ndefu zilizozuia jua la mchana. Anga lilipolichukua joto, maji yaliganda. Barafu hiyo waliihifadhi ndani ya majengo manene ya udongo, wakaitumia wakati wa joto. Kitu kinachotuunguzia chai, wao walikifanya mtumishi wao.

TANO: UPEPO UNAOTUUNGANISHA

Wenzangu wa Chama, hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapoingia. Kwa nini anga letu linakauka Januari?

Wakati huo bara la Asia, pamoja na Uarabuni, limepoa. Hewa baridi ni nzito, nayo husukumwa kuelekea kusini kwenye joto. Upepo huo huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, na Waswahili waliuita kaskazi. Ule wa kurudi, wa katikati ya mwaka, wakauita kusi. Kutokana na majina hayo tumepata kaskazini na kusini, maneno ambayo tunayaandika kwenye ramani kila siku bila kufikiri kwamba ni majina ya pepo.

Kwa kaskazi majahazi ya Omani yaliteremka hadi Lamu, Mombasa na Zanzibari, na kwa kusi yakarejea kwao. Ndivyo watu walivyochanganyika. Hata leo Maskati kuna familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nyumbani, hasa za wale waliotoka Zanzibari baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wengine waliorudi Omani baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka wa 1970.

Kaskazi inayotufikia huku bara imepitia nchi kavu za Uarabuni na Pembe ya Afrika. Imebeba maji kidogo sana. Ndiyo inayofagia mawingu ya Bomet. Kwa hiyo majira ya baridi ya jangwani hayabaki jangwani. Yanatutumia upepo wake, na upepo huo unafungua paa letu. Mama yangu mdogo kule na kogo huku wanakaa chini ya anga la aina moja.

SITA: MVUA YA JANGWANI

Usidhani kwamba majira ya baridi huko ni makavu kabisa. Kwa miji kama Riyadh, mvua chache zinazopatikana hunyesha kati ya Novemba na Aprili, wakati dhoruba zinazotoka upande wa Bahari ya Mediterania zinapopita kuelekea mashariki. Nyuma yake huja upepo baridi wa kaskazini-magharibi wenye vumbi, ambao Waarabu huuita shamal. Sisi tuna neno shemali, ndugu yake.

Mvua ambayo Kericho hupata kwa mwaka mmoja, Riyadh ingeingoja miaka ishirini. Lakini hiyo kidogo haiji kwa utaratibu. Yaweza kukosekana miezi mingi kisha ikaja kwa siku moja, na ardhi ngumu haiinywi. Maji yote hukimbilia kwenye wadi, yaani makorongo makavu, na kugeuka mto ndani ya dakika chache. Tarehe 25 Novemba 2009, katika mji wa Jeddah, zilinyesha kama milimita 90 kwa masaa manne hivi, zaidi ya mvua ambayo mji ule hupata kwa mwaka wa kawaida. Watu zaidi ya 100 walikufa maji. Kufa maji jangwani! Kwetu milimita 90 ni mvua kubwa, lakini mito inajua njia yake.

SABA: MAFUNZO

Elimu isiyomsaidia mtu ni mzigo. Basi haya ndiyo ninayotaka uyapeleke nyumbani.

Moja, mtu wenu akienda Uarabuni, msimwache aondoke bila sweta na soksi nzito, hata kama anaondoka wakati wa joto. Baridi huko ni Desemba hadi Februari, na mbaya zaidi ni ile ya alfajiri. Mtu wa kazi ndiye huamka alfajiri.

Mbili, huko na huku, usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hasinzii kwa joto, anakufa. Afadhali blanketi mbili.

Tatu, usipumzike wala kulala ndani ya korongo kavu mawingu yakiwa yamekusanyika, hata kama yako mbali na hapo ulipo.

Nne, kwa wenye mashamba, usipande miche ya chai mahali pa chini ambapo hewa baridi hutuama. Na kama kuna ua mnene uliopandwa ukikatiza mteremko, ufungue nafasi chini yake ili hewa baridi ipate pa kupitia, kama vile unavyofungulia maji ya mvua mfereji.

Tano, na hii ni ya nyumba yetu, ile mwezi wa Januari usiseme "leo kumekuwa na jua zuri, usiku hautakuwa na baridi." Jua zuri na usiku mbaya ni watoto wa mama mmoja.

Mama yangu mdogo tulimtumia sweta mbili na kofia ya sufu kwa mkono wa mtu aliyekuwa akienda kule. Kogo naye ameamua ile sehemu ya bondeni ang'oe vichaka vilivyozeeka, apande nyasi za ng'ombe. Karo yangu itatoka kwa maziwa. Ng'ombe hasumbuliwi na nyota.

MSAMIATI

Jalidi: umande ulioganda kuwa barafu juu ya majani au ardhi.
Kaskazi: upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi.
Kusi: upepo wa kutoka kusini, katikati ya mwaka.
Shemali: upepo wa kutoka kaskazini.
Wadi: korongo kavu la jangwani lipitishalo maji wakati wa mvua.
Kutuama: kukaa mahali pa chini bila kutoka, kama maji ya dimbwi.

ZOEZI

1. Eleza kwa nini usiku wa Maskati una joto kuliko wa Riyadh, ilhali miji yote miwili ni ya jangwa.
2. "Julai ina baridi lakini chai haiungui." Toa sababu.
3. Taja maneno mawili ya Kiswahili ya kuonyesha upande ambayo yametokana na majina ya pepo.
4. Mwulize mzee mmoja wa kijijini kwenu dalili anazotumia kujua usiku wa jalidi. Ziandike kwa Kiswahili sanifu, kisha ueleze kila dalili kwa sayansi.

Majibu ya swali la nne yaleteni kwa Katibu wa Chama. Yaliyo bora yatachapishwa katika jarida la mwaka ujao. Kwaherini.